Shajara ya mradi: amri zipi ziingie mtihanini

Jumamosi, 18 Januari 2025. Mkunazini, Unguja

Tumeanza. Tuko sita, barazani kwa mzee wetu mmoja anayejua mitambo tokea enzi ya modemu, kahawa chungu na kashata katikati, na kila mtu kaja na orodha yake mkononi. Kazi yenyewe ni hii: vijana wanaotunza seva za skuli, za spitali ndogo na za mahoteli ya shamba hawana pa kupimwa ila kwa vyeti vya nje, na ada ya vyeti hivyo kwa dola inamtisha mtu kabla hajafungua kitabu. Tunataka mtihani wetu wa ngazi ya kwanza, kwa Kiswahili, wa vitendo, juu ya amri za Linux na ndugu zake wa Unix, yaani maneno unayoiandikia mashine ikafanya kazi. Hatushindani na mtu. Tunataka karatasi itakayomwambia mwajiri kuwa huyu ukimwachia funguo za chumba cha seva, wewe nenda kalale.

Orodha sita tumezimimina kwenye faili moja, tukazipitisha kwenye `sort` na `uniq -c`, za kupanga na kuhesabu marudio, ndiyo kazi yake hasa. Zimetoka amri 231. Zilizotajwa na wote sita ni 19 tu: `ls`, `cp`, `grep`, `ps`, `ssh` na jamaa zao. Nyengine zote ni mapenzi. Orodha ya mzee ina `uucp`, ya kupelekeana mafaili enzi za modemu. Orodha ya mdogo wetu kuliko sote ina amri tatu ambazo sisi wengine hatujawahi kuzisikia, na yeye akashangaa kwamba hatujazisikia.

Tumekubaliana jambo moja kabla ya adhuhuri: hakuna amri itakayoingia kwa sababu mtu anaipenda. Tukakubaliana haraka mno, kwa hiyo najua litavunjwa.

Jumapili, 26 Januari. Nyumbani

Leo nimekaa peke yangu na mihtasari ya waliotutangulia.

Linux Professional Institute, iliyoanzishwa 1999, hutangaza hadharani amri na mafaili yanayoweza kuulizwa, na kila mada ina uzito wake. Uzito ndio unaokupa fununu ya maswali mangapi yatatoka hapo. LPIC-1, cheti chao cha ngazi ya kwanza, ni mitihani miwili, 101 na 102, kila mmoja maswali 60 kwa dakika 90. Ukiisoma orodha yao vizuri unayasikia mabishano yaliyokuwemo chumbani. Amri za mtandao za zamani, `ifconfig`, `netstat` na `route`, bado zimo, pembeni ya `ip` na `ss` za sasa, kama wazee walioachiwa kiti barazani ingawa neno lao halipiti tena.

Red Hat, kampuni ya Linux, wamekwenda njia nyengine. RHCSA, mtihani wao wa msimamizi wa mfumo, hauna maswali ya kuchagua jibu. Unapewa mashine, unaambiwa iwe hivi na hivi, na ulichokifanya lazima kiwe bado kipo mashine ikiwashwa upya. Sentensi hii nimeisoma nikaipita. Naiandika hapa kwa sababu ningepaswa kusimama.

Watu wa BSD, tawi jengine la Unix, walipotunga mtihani wao wa BSDA walijipa mzigo mzito zaidi: mtahiniwa mmoja, mifumo minne, yaani FreeBSD, NetBSD, OpenBSD na DragonFly BSD. Amri moja jina, tabia nne. Mwenzetu anayetunza FreeBSD kwenye hoteli moja ya kaskazini alikuwa ameshatuonya kwa mfano wa `sed -i`, ya kubadilisha maneno ndani ya faili: kwenye Linux inakubali kukaa peke yake, kwenye FreeBSD lazima uipe kiambishi cha nakala, japo kitupu. Kijana akikariri ya huku, kule anaharibu faili.

Nikadhani POSIX, kanuni ya pamoja ya mifumo ya Unix, itakuwa kadhi wetu: kilichomo kimo, kisichomo hakimo. Nikaifungua. `vi`, ya kuhariri maandishi, imo. `tar`, ya kufunga mafaili pamoja, haimo! Toleo la 2001 limeitoa na kuiachia nafasi `pax`. Nikawapigia simu wote watano kuwauliza nani kawahi kutumia `pax` maishani mwake. Hakuna. Mmoja, ambaye mkewe anatembeza watalii, alidhani namuuliza kapata wageni wangapi wiki hii, maana kwa watu wa utalii pax ni wageni.

Kadhi huyo basi tumemshukuru, tumempa kahawa, kaondoka.

Jumamosi, 8 Februari. Mkunazini

Siku ya `ifconfig`. Nilijua itakuja.

Mzee alianza taratibu. "Mwanangu, `ifconfig` ndiyo iliyonilisha mimi na hawa wanangu. Leo mnaitoa kama ganda la muwa?"

Mdogo wetu akamjibu kwa adabu lakini bila kurudi nyuma: "Shikamoo yako iko palepale, mzee. Lakini seva niliyoisimamisha juzi haina `ifconfig` ndani. Ukiiandika inakwambia haijui unachosema."

Kasema kweli. Furushi la net-tools, lenye `ifconfig`, `netstat`, `route` na `arp`, halimo kwenye RHEL 7, Linux ya Red Hat, ya 2014 ukiisimamisha kwa uchache wake, na Debian, Linux nyengine, nayo tokea toleo la 9 la 2017 haiji nalo mpaka uliombe. Kijana aliyefundishwa hilo tu atafika kazini siku ya kwanza mikono mitupu.

Mzee hakushawishika kwa hoja ya kutokuwepo. Kitu hakipo, unakileta, alisema, si kama karafuu kusema unangoja msimu. Hapo ndipo nilipomwomba laptopu yake. Nikaipa kadi ya mtandao anwani ya pili kwa `ip addr add`, bila lebo. Nikamwambia aandike `ifconfig` yake. Ikaonesha anwani moja. Nikaandika `ip addr`. Zikaonekana mbili. Nikapiga `ping` kwa ile isiyoonekana kutoka simu yangu, ikajibu.

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa, akaandika tena `ifconfig`. Moja.

"Basi huyu," akasema, "ni shahidi anayeficha."

Chanzo chake ni cha zamani. `ifconfig` ilijengwa wakati kadi moja ikihesabiwa ina anwani moja. Ukitaka ya pili unajifanya una kadi ya pili, `eth0:1`. Linux ya 2.2, mwaka 1999, ilikuja na mpangilio mwengine wa mtandao, na `ip` ya Alexey Kuznetsov ikaandikwa kuzungumza na mpangilio huo. Kwa hiyo si suala la upya na ukongwe. Chombo kimoja kinaeleza mashine ilivyo, chengine kinaeleza mashine ilivyokuwa.

Lakini mzee naye alikuwa na neno, na ndilo lililotupa umbo la orodha nzima. Alisema: sawa, itoeni, sasa kijana wenu anafika kwenye skuli, anakuta skripti niliyoiandika mimi 2005 ambayo ndiyo inayoinua mtandao kila asubuhi, na ndani yake mna `ifconfig` na `route add`. Atafanya nini, ataomba dua?

Tukanyamaza. Halafu tukagawa karatasi safu tatu. *Kutenda*: amri ambayo mtahiniwa atakaa mbele ya mashine na kuitumia. *Kutambua*: haulizwi aiandike; anaoneshwa skripti au matokeo yake, na aseme inafanya nini na leo kazi hiyo inafanywa na nani. *Kuacha*. `ifconfig`, `netstat` na `route` zimekwenda Kutambua. Mzee kasaini.

Baada ya hapo mambo yakakimbia. `egrep` na `fgrep`: Kutambua, maana GNU grep tokea 3.8 ya 2022 yenyewe inakukaripia ukiziandika; `grep -E` na `grep -F` zimekwenda Kutenda. `nslookup`, ya kuuliza anwani ya jina la mtandao: Kutambua, kwa kuwa vijana wengi wanaijua kutoka Windows, na `dig` ndiyo ya Kutenda. `uucp` tumeiacha, mzee mwenyewe ndiye aliyeikata mstari. `killall` ilitaka kupita kimyakimya, mwenzetu mmoja akainua mkono: aliwahi kuiandika kwenye Solaris akitaka kuua mchakato mmoja, na kule `killall` inafanya jina lake linavyosema, inaua wote. Tumechukua `pkill`.

Alhamisi, 20 Februari. Darajani, nyuma ya duka la vipuri

Tumebadilisha njia. Orodha ya amri ilikuwa imebaki 140 na kila moja ina wakili wake. Nikapendekeza tuache kutazama amri, tutazame madaftari. Kila mmoja wetu ana daftari la matukio, la karatasi au la kompyuta: tarehe, nini kimekufa, nini kimekifufua. Tuyafungue, tuone katika kufufua mkono ulishika nini.

Nasikitika kusema madaftari yetu ni machafu. La mzee limeandikwa kwa herufi za Kiarabu mpaka 2003. Hata hivyo, yote sita yanaimba wimbo mmoja: diski imejaa, ruhusa za faili zimekaa vibaya, jina la mtandao halitafsiriki, huduma haikuamka. Udukuzi, ambao kila kijana anataka kuulizwa, umetokea mara mbili tu katika madaftari yote, na mara zote mbili aliyeingia aliingia kwa neno la siri lililobandikwa kwenye kioo cha kompyuta.

Diski kujaa ndiyo mama yao. Nilisoma langu la 2016 kwa sauti, aibu na yote. Seva ya ofisi moja (siitaji) ilikuwa imejaa, logi (kumbukumbu za matukio) ya programu moja imefika gigabaiti 40. Nikaifuta kwa `rm`. Nikaandika `df -h`: bado imejaa. Nikafuta nyengine. Bado. Nikaanza kufuta vitu ambavyo hadi leo sijui vilikuwa nini. Nilipompigia simu mtu wa Chake Chake, Pemba, akaniambia neno moja: `lsof`.

Ukifuta faili katika Unix, unachofuta ni jina. Kama kuna programu bado imelishika lile faili mkononi, data iko palepale kwenye diski, haina jina tena lakini nafasi yake haijaachiwa, mpaka programu ifunge au iachie. `lsof +L1` inakuorodheshea mafaili hayo yasiyo na jina na nani kayashika. Nilipoiwasha upya ile huduma, gigabaiti 40 zikarudi kwa mpigo.

Wawili wengine wakacheka kwa sababu nao yamewakuta. Na mwenzetu wa hoteli akaongeza la kwake: diski ina nafasi tele, `df -h` inaapa hivyo, lakini mfumo unakataa kuandika hata herufi. Ingizo za mafaili, inodi, zilikuwa zimekwisha. Programu ya tovuti ilikuwa ikizalisha vijifaili vidogo vidogo kwa malaki bila kuvifuta. `df -i` ndiyo inayoona hilo.

Sasa tazama: Januari `lsof` ilitajwa na watu wawili kati ya sita, na `df -i` hakuitaja mtu. Wote tumewahi kuokolewa nazo. Tunapoorodhesha amri kutoka kichwani tunataja tunazozishika kila siku, na siku ya balaa tunashika nyengine. Zote mbili zimeingia Kutenda, pamoja na `du`, `find -size` na `truncate`. Kwa madaftari tumeshuka kutoka 140 hadi 88 kabla ya sala ya magharibi. `dd`, inayoweza kufuta diski nzima kwa kosa moja, imekwenda Kutambua, kwa hofu tu, sina hoja bora zaidi. Na `cal`, ya kuonesha kalenda, imekufa kwa kura tano kwa moja. Huyo mmoja ni mimi.

Jumamosi, 8 Machi. Baada ya tarawehe

Ramadhani, kwa hiyo tunakutana usiku, tumbo limejaa na akili nzito. Ilikuwa tumalize `cron`, inayoanzisha kazi kwa ratiba, kwa robo saa. Tumekaa hadi karibu na daku.

Swali lilikuwa jepesi: "Panga kazi ya kunakili data ianze saa nane usiku, kila Jumatatu." Nikawapa vijana watatu wa majaribio, wote wanaitumia `crontab`, orodha ya ratiba hizo, kazini. Jibu sahihi ni `0 2 * * 1`: dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya wiki. Mmoja kaandika `0 8 * * 1`. Mwengine `0 20 * * 3`. Wa tatu kaandika sawasawa, lakini aliniuliza kwanza, "Saa nane yetu au ya kompyuta?"

Nikaanza kukasirika, nikajizuia, nikalitazama swali upya. Saa zetu zinaanza jua likichomoza, na za usiku jua likichwa. Saa nane usiku ni 02:00. Hilo kila mtu analijua akiwa na saa mkononi, na kila mtu analisahau akiwa na kibodi mbele yake. Kibaya zaidi ni siku. Sisi tunahesabu wiki kuanzia Jumamosi, ndiyo mosi, Jumapili ndiyo pili, Jumatatu ndiyo tatu. `cron` inaanza na Jumapili kwa sifuri. Kwa hiyo Jumatatu, ambayo jina lake lenyewe linakunong'oneza *tatu*, kwa `cron` ni 1, na 3 ni Jumatano, ambayo jina lake linasema tano. Majina yetu haya yanaizidi `cron` kwa mbili mbili, na kijana anayefikiri kwa Kiswahili anatembea juu ya mtego kila siku. Alhamisi na Ijumaa zimesalimika kwa kuwa zilikuja na majina ya Kiarabu, na Alhamisi nayo ukiijua asili yake inakwambia tano wakati `cron` inataka nne.

Hakuna muhtasari wa nje utakaokuonya hili. Mdogo wetu alitaka tuandike saa kwa tarakimu tu, 02:00, tumalize. Mwenzetu mwalimu, yeye husema kidogo, akakataa: mwajiri wake atamwambia kwa mdomo "saa nane usiku", hatamwambia kwa tarakimu. Kutafsiri agizo la mtu kuwa mstari wa `crontab` ndiyo kazi yenyewe.

Tumefika hapa: maswali ya aina mbili. Moja lina agizo kwa maneno, kama bosi anavyosema, na mtahiniwa anapimwa kwa kulifasiri. Mengine yote yenye muda yanaandikwa kwa saa 24, ili mtu asianguke kwenye `tar` kwa sababu ya saa. Kwenye karatasi ya maelekezo tumeandika pia kwamba `cron` inakubali `mon` na `wed` badala ya namba, na sisi tunashauri hivyo.

Kisha tukapoteza nusu saa kwa `timedatectl`, ya kupanga saa na majira ya mashine, kwa sababu mtu aliuliza kwa nini kwenye orodha ya majira Zanzibar haimo. Haimo. Imo Africa/Dar_es_Salaam, na hiyo yenyewe katika kanzidata ya tz ni kiungo tu kinachokwenda Africa/Nairobi. Mzee akasema mambo ya siasa tusiyaingize kwenye mtihani, ila alisema akicheka.

Jumapili, 23 Machi

Fupi, nimechoka na funga.

`vi`: imeingia Kutenda, lakini kwa mambo manne tu: kufungua, kubadilisha, kuhifadhi na kutoka, kutoka bila kuhifadhi. Sababu yake si ukongwe, ingawa Bill Joy aliiandika 1976. `crontab -e` na `visudo` katika mifumo mingi zinakutupa ndani ya `vi` bila kukuuliza, na kijana asiyejua `:q!` anabaki humo kama panya kwenye dumu la mafuta. Kwa kazi nyengine zote mtahiniwa atumie mhariri anaoutaka, `nano` ikiwemo. Hatumwangushi mtu kwa mhariri.

`telnet`: kwa kuingia kwenye seva, Kuacha, na asiulizwe tena. SSH ya Tatu Ylönen ina miaka 30 mwaka huu. Aliiandika 1995 baada ya maneno ya siri kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake Finland. `scp`, ya kunakili mafaili kwa mtandao, imebaki, `rsync` iko juu yake.

Ngome ya mtandao (firewall) ilitugonganisha vichwa: `iptables`, `nft`, `ufw` au `firewall-cmd`? Kila mmoja ana yake. Tumeandika swali bila kutaja chombo: "Funga mlango 3306 kwa watu wa nje, wa ndani wapite." Tutaupiga mlango kutoka nje tuone. Mwalimu akauliza: kama hili linawezekana kwa ngome, kwa nini tusiulize vyote hivi? Mzee akamjibu kwamba kijana asiyepewa orodha hajui asome nini. Wote wawili wana haki. Hatukumaliza.

Zimebaki 71.

Jumamosi, 12 Aprili. Chake Chake

Majaribio. Tumevuka kwa meli ya jana, bahari tulivu, kaskazi imekwisha na kusi haijashika kasi. Watahiniwa 11, saba Pemba wenyewe, wanne tumekuja nao. Kila mmoja ana mashine pepe yake, na mashine pepe zote ziko ndani ya kompyuta moja kubwa iliyosimama chini ya meza ya mbele. Wao wanaingia kwa `ssh` kutoka laptopu zao. Intaneti imefungwa, kurasa za `man`, maelezo ya amri, ziko wazi.

Saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Msichana mmoja wa Wete alinikalia kichwani: kila swali asilolijua alianza na `man -k` na neno moja la Kiingereza, akasoma, akajaribu kwenye saraka ya pembeni, kisha akafanya. Hajui amri nyingi. Kati ya zile 71 pengine nusu alikuwa anakutana nazo leo. Mkabala wake kijana mmoja anayejua zote alikuwa ameshamaliza na anatazama dari.

Saa nne na dakika ishirini na kitu, umeme ukakatika.

Pemba inapata umeme kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga tokea 2010, na sisi wa Unguja si wa kucheka, miezi ile ya Disemba 2009 hadi Machi 2010 hatujaisahau. Laptopu zote zikabaki zinawaka kwa betri, na kompyuta kubwa chini ya meza ikazima kama mshumaa uliopulizwa. UPS, betri ya akiba tuliyokuja nayo, ilipiga mlio mmoja na kunyamaza. Betri yake niliinunua mimi, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Tukakaa bila umeme nusu saa, madirisha wazi, tukila embe. Umeme uliporudi tukaiwasha kompyuta, mashine pepe zikaamka zenyewe moja moja. Nikataka kutangaza kuwa tunaanza upya wiki ijayo. Mzee akanishika mkono. "Ngoja. Hebu tazama nani kasalimika."

Tukapitisha skripti ya kupimia kama kwamba ndiyo mwisho wa mtihani.

Yule kijana wa dari alikuwa ameipa kadi anwani kwa `ip addr add`: haipo. Ameamsha huduma ya tovuti kwa `systemctl start` bila `enable`, ya kuifanya iamke yenyewe mashine ikiwashwa: imelala. Amepachika diski ya pili kwa `mount` bila kuiandika kwenye `/etc/fstab`, faili la diski za kupachikwa mashine ikiwashwa: haionekani. Kila amri aliyoitumia ilikuwa sahihi, na kila moja ilikuwa kwenye orodha yetu. Wengine wanne wako hivyo hivyo. Mmoja aliandika `fstab` lakini akakosea herufi ya kitambulisho, na mashine yake haikuamka kabisa, imekwama kwenye hali ya dharura ikiomba neno la siri la `root`.

Wa Wete alisalimika kwa yote aliyoyafanya. Nilipomuuliza akasema, kwa utulivu kama kwamba swali langu ni la ajabu: "Kwani kwetu si unakatika kila mara?"

Jumatatu, 14 Aprili. Ndani ya meli, Mkoani kwenda Malindi ya Unguja

Nimefungua tena maandishi yangu ya Januari na ile sentensi ya Red Hat niliyoipita. Miezi mitatu tunabishana juu ya majina ya amri, na tulichokisahau ni mafaili yanayokaa nyuma yao. `mount` bila `/etc/fstab` ni ahadi ya mdomo. `sysctl -w` bila `/etc/sysctl.d` vilevile. Katika madaftari yetu "huduma haikuamka" imo tena na tena, na wakati wake karibu wote ni asubuhi baada ya umeme. Tuliyasoma kwa sauti, wenyewe, Darajani, na hatukusikia.

Mwalimu na mzee wanabishana staha ya juu. Naenda kusikiliza.

Jumapili, 27 Aprili. Mkunazini

Orodha imekuwa 64 za Kutenda, 15 za Kutambua, na safu mpya ambayo haina amri ndani yake: mafaili 12. Kila kazi ya mtihani sasa imeandikwa kama agizo la bosi, amri hazitajwi, na orodha inatolewa kando kwa anayejisomea. Hivi ndivyo mwalimu na mzee walivyopatana, kila mmoja akidhani kashinda.

Zilizoingia baada ya Chake: `findmnt --verify`, ambayo inalisoma `fstab` na kukuambia ulipokosea kabla mashine haijakwama, `systemctl is-enabled`, na `journalctl -b -1`, inayokurudisha kwenye logi za uwashaji uliopita ili uone nini kilikuwa kinasema kabla ya kuzimika. Kwa hii ya tatu logi lazima ziwe zinahifadhiwa kwenye diski, na hilo nalo tumelifanya swali. `man`, tuliyoipa uzito wa alama moja Januari, sasa ina nne, na tumeongeza `man -k` kwa jina.

Zilizotoka: `nc`, ya kujaribu milango ya mtandao, kwa masikitiko, maana ya Debian na ya Red Hat hazipokei vitu sawa. `awk` imebaki kwa kuchapisha safu tu. Mzozo wa `screen` na `tmux` haujesha. Watu wa Pemba wanaofanya kazi kwenye seva za Unguja wanataka moja wapo iwe ya lazima kwa kuwa laini ikikatika kazi inakwenda nayo, na sisi wa Unguja tunaona ni anasa. Wao ndio wanaokatikiwa, kwa hiyo nadhani tutashindwa.

Mtihani wenyewe ni Jumamosi, 17 Mei, Tunguu. UPS ina betri mpya. Haitatumika lakini, maana umeme tutauzima wenyewe, swichi kubwa, bila kumwambia mtu, saa nne na nusu asubuhi. Kwenye karatasi ya wasimamizi tumeandika 10:30.